Kimya cha Jumanne

Kabla hajaanza kumshuku fundi wake, Katarina alikuwa mtu wa kuamini watu upesi. Alizaliwa upande wa Kigonsera, akasomeshwa na masista, akafundisha shule ya msingi katika kijiji cha Ruanda, hukohuko Mbinga, mpaka mvi zikaanza kumwingia, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulifunga kabati la chaki kwa ufunguo. Walimu wenzake walimcheka kwa hilo. Yeye aliwajibu kwamba mwizi wa chaki hujulikana kwa vidole vyake.

Redio ilimkuta hapo. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Ushirika ulikuwa hoi, ghala lake la kahawa mjini Mbinga limebaki na popo na harufu. Mahali pa karani mmoja mwenye mizani moja walikuwa wamekuja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake, na kila mizani ikisema lake. Huko mijini vituo vya redio vilikuwa vinachipuka kama uyoga. Basi watu wa milimani na wa ziwani nao wakakubaliana wawe na redio yao, wakaiita Redio Milima na Ziwa. Wakapewa lile ghala, wakabandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, kisha wakatafuta mtu wa kuiongoza asiye na duka wala cheo cha chama. Wakamchagua Mwalimu Katarina.

Mnara haukuwa mjini. Ulisimamishwa juu ya kilima, mbali na studio, ili matangazo yavuke mabonde yote yale na kushuka mpaka Mbamba Bay na Liuli. Chini yake kulijengwa kibanda cha tofali cha kuwekea mtambo wa kurushia matangazo. Ufunguo wa kibanda walikuwa nao watu wawili, Katarina na fundi mitambo, Cuthbert, kijana wa Kianglikana kutoka Liuli aliyesomea ufundi wake Dar es Salaam na kurudi bila maringo.

Umeme wa mji haukufika kilimani. Aliyeliondoa tatizo hilo ni mwenyekiti wa bodi, Mzee Ildefonsi. Huyu alikuwa na mashine mbili mteremkoni, chini kidogo ya mnara, moja ya kusaga mahindi na nyingine ya kumenya kahawa, zote zikiendeshwa na jenereta moja kubwa. Alivuta waya mpaka kibandani, akasema redio itumie bure. Siku ya uzinduzi alipigiwa makofi kuliko mgeni rasmi.

Mwaka wa kwanza ulipita salama. Watu walitumiana salamu, wakatangaziana misiba na mbuzi waliopotea, wakabishana kuhusu kwaya ipi ipigwe Jumapili. Mambo yaligeuka pale Katarina alipoanzisha kipindi cha bei ya kahawa.

Alimfundisha zamani mwanafunzi mmoja ambaye sasa alikuwa akifanya kazi Moshi, kwenye mnada. Kila mnada ukiisha, mwanafunzi huyo alimpigia simu akamtajia bei. Kila Jumanne jioni, mara baada ya salamu, Katarina alizisoma bei hizo hewani, halafu akataja na zile ambazo wanunuzi walikuwa wakiwapa wakulima vijijini. Hakuongeza neno. Hakukuwa na haja, maana tofauti ilijisemea.

Tofauti hiyo iliwauma zaidi wenye kufanya biashara ya magoma. Mtu akibanwa na shida wakati wa njaa, mwenye magoma humpa fedha kidogo, na kahawa ingali kijani mtini inahesabiwa kuwa imeshauzwa. Mkulima asiyejua bei ya Moshi huona amesaidiwa. Akiijua, huanza kuuliza maswali.

Msimu ulipofika na mibuni kuwa myekundu, redio ikaanza kunyamaza.

Mara ya kwanza Katarina hakujua. Aliyekaa studio hujisikia mwenyewe tu. Alisoma bei zote, akawaaga wasikilizaji, akatoka, akamkuta Glorious, msichana aliyeendesha kipindi cha salamu, ameshika redio ndogo ya mapokezi inayotoa mvumo mtupu.

"Tulikatika, Mwalimu," alisema Glorious. "Ulipotaja tu Moshi, basi."

Jumanne iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine baada ya hiyo. Salamu zilisikika mpaka ziwani, matangazo ya misiba yakasikika, lakini Katarina akifungua kinywa kutaja bei, redio inakufa. Akishamaliza, inafufuka.

Alimwita Cuthbert.

"Mtambo unajizima wenyewe," alisema Cuthbert. "Umeme unashuka ghafla, nao unajilinda. Umeme ukitulia, unawaka tena baada ya muda kidogo."

"Unashuka Jumanne tu? Na kwenye bei tu?"

"Hilo na mimi najiuliza, Mwalimu," alisema Cuthbert, akamtazama usoni kwa namna ambayo Katarina hakuipenda. Ilikuwa kama yeye ndiye anayetakiwa kujieleza.

Tangu siku hiyo akaanza kumwangalia. Akaona vitu ambavyo huenda vilikuwepo siku zote. Cuthbert alipokea simu akatoka nje. Cuthbert alinunua viatu vipya. Jumapili moja Cuthbert alionekana hotelini akinywa soda na Tobias, wakala wa wanunuzi, mtu mnene mwenye gari jeupe ambaye kila mkulima alimjua kwa mlio wa gari lake. Katarina alipomuuliza, Cuthbert alisema Tobias alitaka amtengenezee redio ya gari. Lilikuwa jibu jepesi mno. Yule Katarina wa kabati la chaki angelipokea. Huyu wa sasa alilala nalo.

Mzee Ildefonsi naye alipita ofisini, akakaa, akakataa chai.

"Mwanangu, sipendi kusema mambo ya mtu," alisema. "Lakini mlinzi wa kule kilimani ananiambia yule kijana hupanda mnarani saa zisizoeleweka. Nami nawajua watu wa ziwani. Kahawa hawalimi. Bei ikisomwa au isisomwe, wao inawahusu nini?"

Katarina alishukuru kwa kuambiwa. Alipobaki peke yake aliona aibu kidogo kwa yale maneno ya watu wa ziwani, lakini hakuyatupa. Aliyaweka mahali.

Kisha akatega. Bila kumwambia mtu, Alhamisi moja asubuhi aliingia studio katikati ya muziki wa kwaya, akasoma bei, akatoka. Redio haikukatika hata kidogo. Wachache walisikia, kwa kuwa saa hiyo watu wako mashambani, lakini yeye alishapata alichokitaka. Fundi hakujua, na redio haikufa. Ushahidi gani zaidi ya huo?

Alimpelekea mwenyekiti habari hiyo. Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni. Akamkataza asirudie kusoma bei nje ya ratiba, leseni isije ikaletewa maneno, akaitisha bodi.

Kikao hakikuwa kirefu. Ildefonsi alizungumza kwa upole, kama baba, akasema hakuna anayemtuhumu mtu, ila redio lazima ilindwe, na kijana apumzike kwanza. Cuthbert aliulizwa kama ana la kusema. Alitoa ufunguo mfukoni akauweka mezani.

"Funguo za kibanda ni mbili," alisema. "Huu wangu huu hapa. Mwalimu naye auweke wake, tuone Jumanne itakuwaje."

Wajumbe walinong'ona. Katarina hakuuweka ufunguo wake mezani. Alisema yeye ndiye mkuu wa kituo, na Cuthbert akainama kidogo, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia, akaondoka. Kesho yake alipanda lori la kushuka Mbamba Bay.

Jumanne ikaja. Glorious akasoma salamu. Katarina akakaa kwenye kipaza sauti, akasoma bei kwa sauti ya ushindi kidogo, akatoka mapokezi. Redio ndogo ilikuwa inavuma mvumo uleule.

Sasa funguo zote mbili, wake na ule wa Cuthbert, alikuwa nazo yeye mkobani.

Watu hawakukawia kupiga hesabu hiyo. Sokoni mazungumzo yalikatika alipokaribia mafungu ya nyanya. Baada ya misa mwanamke mmoja wa ukoo wake alimvuta pembeni. "Dada, watu wanasema bei unawauzia kwanza akina Tobias, halafu kwetu mnazima. Mimi nimekataa. Lakini ni kweli?" Katarina alimwambia si kweli. Aliuona uso wa yule mwanamke, akajua kwamba hakuaminiwa, na kwamba hakuna neno lingine la kusema linaloweza kusaidia. Ndipo alipomkumbuka Cuthbert ameinama mbele ya bodi.

Jumanne iliyofuata hakuenda studio. Alimwachia Glorious asome bei, akachukua ile redio ndogo, akapanda kilimani jua likiwa limeegemea milima ya upande wa ziwa. Mlinzi alimsalimu akashangaa kumwona. Alifungua kibanda, akaingia, akajifungia kwa ndani, akakaa juu ya ndoo. Juu yake ilining'inia taa moja. Mbele yake mtambo ulikuwa ukiunguruma polepole, vitaa vyake vya kijani vikiwaka. Alikuwa amedhamiria kumshika mtu. Alifikiri labda mlinzi ana ufunguo wa tatu.

Glorious alimaliza salamu. Akatangaza msiba wa kijijini Tingi. Akasema sasa ni wakati wa bei ya kahawa kutoka mnada wa Moshi.

Hakuna mlango uliofunguliwa wala mkono uliogusa kitu. Ile taa ya juu ikafifia, ikawa nyekundu kama kaa la moto linalozimika. Mtambo ukatoa mlio mfupi, vitaa vya kijani vikazima, na redio mkononi mwake ikaanza kuvuma. Katika kimya hicho Katarina alisikia sauti nyingine, ya chini, kutoka mteremkoni. Mashine.

Alitoka akashuka njia ya miguu inayopita kati ya ngoro, yale mashimo ya kilimo cha milimani yaliyopandwa maharage kwenye kingo zake, akiteleza, akishika majani. Nje ya banda la mashine walikaa akina mama na vikapu vya kahawa mbivu, kanga mabegani. Alimfahamu mmoja wao, Beata, aliyekuwa na mtoto shuleni kwake zamani.

"Mbona hamjamenyewa, mama?" aliuliza.

"Tunangoja, Mwalimu. Jumanne ndivyo ilivyo. Wanaziwasha tupu kwanza, zote mbili, wanasema zinapashwa moto. Zikizimwa na ya kumenya kuwashwa peke yake ndipo tunaitwa."

Katarina aliingia ndani. Mashine ya kusaga na mashine ya kumenya zilikuwa zikizunguka kwa pamoja na kulielemea jenereta, midomo yake mitupu, hata punje moja haikuwemo. Hyasinti, mpwa wa Ildefonsi, alisimama kwenye swichi. Na karibu na mlango, juu ya kigoda, alikaa Mzee Ildefonsi mwenyewe, redio miguuni pake ikitoa ule mvumo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu," alijibu bila kushtuka. "Kumbe leo kipindi umemwachia mwingine. Nikasema mbona sauti ni ya kitoto."

"Zinamenya nini, mzee?"

Ildefonsi alitazama mashine kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Akainua mkono kidogo, na Hyasinti akashusha swichi, kwanza moja kisha nyingine. Banda likanyamaza. Walingoja mpaka ile redio ya miguuni ilipokohoa na sauti ya Glorious ikatoka safi kabisa. "Na hizo ndizo bei za wiki hii."

"Mitambo ni kitu cha ajabu," alisema Ildefonsi.

"Ulimfukuza Cuthbert."

"Mimi? Wewe ndiye uliyeniletea habari ya Alhamisi. Mimi niliitisha kikao tu." Alisogeza kigoda kingine kwa mguu. "Kaa, mwanangu. Waya huu niliuvuta mimi, mafuta nanunua mimi. Mashine zangu naziwasha ninapotaka. Kuna mkataba unaonikataza?"

"Hakuna."

"Basi. Watu wamechukua magoma kwangu kwa hiari yao, kwa shida zao, watoto wakalipiwa shule. Sasa wewe unawasomea bei za Moshi, wanakuja wamenuna kama nimewaibia. Gharama ya kusafirisha kahawa mpaka Moshi unaijua? Hukutaja hilo hewani." Sauti yake ilibaki ya upole uleule wa kikaoni. "Yule kijana ameshaondoka, na mambo yatasahaulika. Wewe ni mtu wa kwetu. Soma salamu, tangaza misiba, bei waachie wanaozijua."

Katarina hakukaa. Kilichomuuma si kwamba mzee alisema uongo, kwani kila alichokisema kilikuwa na ukweli ndani yake. Kilimuuma kuona jinsi alivyokuwa rahisi kutumika. Mzee aliongeza maneno machache tu kwenye shaka aliyoikuta tayari, na kazi iliyobaki aliifanya Katarina mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alisoma bei hewani. Kisha akasema redio itanyamaza kwa siku asizozijua, kwa sababu inaachana na umeme wa mwenyekiti wake na haina umeme mwingine. Hakumtukana mtu. Alipanda kilimani, akazima mtambo kwa mkono wake mwenyewe, akashuka ziwani.

Alimkuta Cuthbert nyumbani kwa mama yake Liuli, barazani, amezungukwa na redio za watu zilizofunguliwa matumbo. Mama mtu alimpokea mgeni vizuri, akampikia ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwani, akakaa karibu ili asipitwe na neno. Katarina alieleza yote, banda la mashine, mkono ulioinuliwa, Glorious akimaliza bei. Cuthbert alisikiliza huku akisafisha waya kwa kisu.

"Nilidhani ni wewe," alisema.

"Mimi?"

"Ufunguo unao. Na Mzee Ildefonsi aliniambia niwe macho na wewe. Alisema una ndugu kwenye kampuni ya kina Tobias. Ndiyo maana nilikwenda kunywa soda na Tobias, nilitaka kumchokonoa." Alicheka kidogo, bila furaha. "Hakusema kitu. Kweli alikuwa na redio mbovu."

"Habari ya umeme kushuka ulinieleza wewe tangu mwanzo."

"Nilikueleza unashuka. Anayeushusha sikumjua, na nilifikiri unajua wewe." Aliweka kisu chini. "Mwalimu, ungekuwa mtu wa ziwani ungenisikiliza?"

Mama yake alimwita jina lake kwa kumkanya, lakini Katarina alisema ni haki yake kuuliza. Alisema hajui. Alisema anaogopa jibu lenyewe ni ndiyo.

Cuthbert hakukubali kurudi siku ile. Alitaka Katarina aseme hewani kwamba fundi alisingiziwa, saa ileile ya Jumanne, ili mama yake asikie akiwa pale barazani. Katarina aliahidi, ingawa hakuwa na hewa ya kusemea.

Ilipatikana polepole. Masista waliwaazima jenereta kuukuu lililokuwa limelala stoo tangu hospitali yao ipate jipya. Mafuta waliyaleta wasikilizaji, wengine kwenye madumu, akina mama wengine kwenye chupa za soda zilizozibwa kwa gunzi la mahindi. Cuthbert alipanda kilimani kulifunga jenereta kabla hata hajaombwa radhi hewani, akisema anafanya hivyo kwa ajili ya masista. Jumanne hiyo Katarina alisoma kwanza maneno juu ya fundi, polepole, kisha akasoma bei. Redio haikukatika. Banda la Ildefonsi nalo liliunguruma jioni nzima, safari hii na kahawa ndani.

Msimu ule waliobakiza kahawa nyumbani waliipata bei iliyopanda kidogo, kwa sababu Tobias alilazimika kuongeza. Wengine mvua iliwakuta nayo, ikaharibika, nao wakailaumu redio. Waliokuwa wamechukua magoma walilipa kama walivyopatana. Bodi ilipokaa tena Ildefonsi hakuonekana, na hakuna aliyethubutu kuuliza yuko wapi. Kanisani aliendelea kukaa benchi lake la mbele. Katarina alimwamkia kila Jumapili, naye aliitikia kila Jumapili, na watu waliwatazama wote wawili wakijaribu kusoma kitu.

Habari ya mkono ulioinuliwa bandani ilienea, lakini haikuwafika wote, na si wote iliowafika walioiamini. Wapo waliosema mwalimu na mwenyekiti walikuwa kitu kimoja wakakosana kwenye mgawo. Wengine walisema mbona redio ilizimwa na mkono wa mwalimu mwenyewe, na waliyaona hayo ni maneno ya kutosha.

Cuthbert alikaa kituoni miaka mingine kadhaa. Walifanya kazi vizuri, wakaheshimiana, akamwalika Katarina kwenye ndoa yake Liuli na kumkalisha na wazazi. Lakini kila redio ilipokatika, hata kwa radi, hata kwa mafuta kuisha, kulikuwa na nukta ndogo ambapo kila mmoja alimtupia mwenzake jicho kabla ya kutafuta sababu. Hawakuwahi kulizungumza. Glorious, ambaye baadaye alishika nafasi ya Katarina, anasema alikuwa akiliona jicho hilo kila mara, na kwamba lilipita upesi, halafu fundi alichukua mkoba wake wa vifaa na mwalimu akamfungulia mlango.